Kadi ya Salamu Niliyoificha

Mjomba,

Ile kadi yako ya salamu za redioni sikuituma. Sijamwambia mtu, hata mama. Uliponituma posta Lushoto niliichomeka ndani ya daftari langu la Siasa, nikarudi nikasema, "Tayari, Mjomba." Ukacheka. "Ahsante, karani wangu."

Niliona haya. Darasa zima lingesikia redioni jina lako likiwaomba msamaha wanawake watatu. Wangenizomea: "Mjomba wako ana wachumba wangapi?"

Wewe hukujua kuandika, ndiyo maana ulinipa kazi ya kuiandika. Uliweka santuri moja moja kwenye gramafoni, kila moja na mwanamke wake. Wa Vuga ulimchosha kwa kukesha dansini. Wa Zirai ulimwonea wivu bure. Ya Hadija wa Mtae uliirudia mara mbili. "Sikia, mwanangu. Gitaa hili linauliza, lile linajibu. Hadija aliniuliza miaka minne kama nitamwoa. Mimi nasikiliza muziki tu!"

Basi kila Jumapili ulianika betri juani, ukakaa na redio magotini. "Kadi ni nyingi," ulisema. "Yangu wataisoma tu." Nami nikimenya viazi pembeni yako. Hadi Jumapili ile ya mwisho, Mjomba. Hadi ile.

Shule nimemaliza. Kijiji kimenipa darasa la kisomo cha watu wazima. Juzi mzee mmoja aliandika jina lake kwa mara ya kwanza, nikatoka nje nikalia. Walidhani ni furaha.

Lakini lipo kubwa kuliko kadi. Siku ya tatu ya msiba wako Hadija alikuja. Nikamwamkia. Akanishika mkono mlangoni, akauliza taratibu, "Mwanangu, hakuacha neno lolote?"

Nikasema, "Hapana, mama."

Akajifunga kanga upya. "Ndivyo alivyokuwa," akasema, akaondoka.

Umezikwa na uongo wangu, Mjomba. Yeye anaamini hukumkumbuka.

Jumamosi lori la kabichi linapanda Mtae. Nitakwenda na kadi yako na santuri yake. Nitamsomea mwenyewe, kwa sauti, kila neno, kisha nitamwambia nani aliificha. Akinifukuza, nitakuwa nimeshasoma.

Nakuomba tu, mpaka Jumamosi siri hii ibaki kwako. Wa pili kuijua awe yeye, si mama.

Pumzika, Mjomba. Usingoje tena redioni.

Karani wako