Kahawa Niliyoiweka Sakafuni kwa Qasem

Umm al-Lawz,
Ajlun, Jordan.
9 Novemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Nayif,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote niambie moyo wako unaendeleaje, na usinijibu kwa lile neno lako la "mzima", maana hata ulipokuwa umelazwa hospitali uliniambia u mzima. Dawa unameza? Ngazi unapanda mwenyewe? Na mkeo Doina bado anakukataza chumvi, au naye amechoka kubishana nawe? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, isipokuwa magoti, na kichwa kinachoniuma kila nikitoka kwa Qasem. Sababu ya hicho kichwa utaijua ukisoma mpaka mwisho.

Zeituni zimezaa vizuri mwaka huu. Mti wa baba, ule wa karibu na kisima, umetushangaza wote. Tumekuwekea mafuta yake, ingawa sijui nimemwekea nani, maana mwenyewe haji.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nikitamka tu neno kurudi, mtandao wako unaharibika. Barua haina mtandao. Anakuletea Sajida, binti wa jirani, anayekuja huko Bucharest kusomea udaktari. Hata sanduku hajafunga, watu wameshaanza kumwita daktari. Nimewaambia wamwache kwanza asome.

Sasa nisikilize. Mwezi wa Ramadhani, ulipotoka hospitali, uliniambia kwamba siku ukifa uletwe huku, uzikwe karibu na baba, na watu wa rambirambi wapokelewe siku tatu katika ukumbi wa ukoo. Nilikuahidi. Lakini ukumbi ule, Nayif, unageuzwa nyumba. Ukoo umejenga ukumbi mpya kule barabara kuu, una viti vya plastiki na mashine za kupoza hewa, na kahawa inaletwa kwenye chupa kama ya wagonjwa. Jengo la zamani wazee wamewarudishia watoto wa marehemu kaka yetu Miflih, kwa kuwa limesimama kwenye kiwanja cha babu. Qasem, mwanawe, ndiye anayelijenga upya ahamie na mkewe na watoto.

Niliposikia, nilipandwa na hasira. Nikajifunga kitambaa changu cheusi, kile cha misibani, nikaenda kumzuia.

Nikwambie kitu ambacho labda hukuwahi kukifikiri. Umri wote huu nilikuwa sijaingia mle ndani. Wewe ulipewa dele ukiwa bado na meno ya utoto, ukazunguka ukiwamiminia wanaume kahawa. Mimi nilipeleka mikate na masinia ya nyama mpaka kizingitini, nikagonga, mkono ukatoka ukapokea, nikarudi. Ukumbi nimeujua kwa mlango wake na kwa sauti ya kinu cha kahawa. Kwa hiyo nilipofika nilisimama pale pale kizingitini kwa mazoea, mpaka fundi mmoja akaniambia, "Ingia, mama, hapa leo hakuna anayebishiwa hodi."

Nikavua viatu. Fundi akacheka. "Vaa, mama, utachomwa na misumari! Huu si msikiti." Nilimwambia yeye apige lipu yake, miguu ni yangu.

Ni padogo, Nayif. Siku zote nilidhani ni pakubwa kuliko dunia. Matao mawili ya mawe, dari jeusi kwa moshi, na katikati shimo la moto, limejaa mifuko ya saruji. Ukutani nimeona mawe yamelainika kwa migongo ya watu. Nikapagusa pale alipokuwa akikaa baba, nikalia, sikujificha. Halafu nikaona uzi wa fundi umevutwa chini ya tao la pili, na matofali yamepangwa tayari. Ukuta utapita hapo. Nikasema moyoni, hapa ndipo walipopaswa kusimama watu wa kumpokelea Nayif rambirambi. Hasira ikanirudia.

Rihab, mke wa Qasem, akaja na kahawa. Ni mtoto wa mjini, wa Zarqa, mcheshi, na tumbo limeshatangulia, wa tatu huyo. Akanimiminia kikombe. Nikakipokea, nikakiweka sakafuni mbele yangu, sikukigusa tena.

Tukazungumza. Baada ya muda akakitazama. "Ah, shangazi, imepoa!" Akakichukua, akaimwaga nje, akaniletea nyingine ya moto. Nikaiweka chini vilevile. "Haina iliki ya kutosha?" akauliza. Nikamwambia iliki ipo. "Basi umefunga?" Sijafunga, mwanangu. Akaja na cha tatu, chenye sukari! Kahawa yetu, Nayif, yenye sukari. Nikamsamehe kwa ajili ya tumbo lake, nikakiweka chini na hicho.

Ndipo Qasem akateremka kutoka juu ya paa, mikono yote chokaa. Alipokiona kikombe sakafuni akasimama kama aliyepigwa kofi.

"Nani amekiweka?"

"Shangazi," akasema Rihab. "Hapendi kahawa yangu. Namletea, anaweka chini."

"Umemletea mara ngapi?"

"Kwani kuna kosa?"

"Rihab! Mtu akiweka kikombe chini ana haja. Hanywi mpaka apewe. Na wewe unamwaga tu!"

"Sasa si aseme? Ana mdomo."

"Hasemi mpaka nimwambie anywe." Akajifuta mikono kwenye suruali, akanigeukia. Umri wake wote hajaona mwanamke akifanya hivyo, na mimi sijaona. Lakini ni mtoto wa Miflih. Akachuchumaa mbele yangu akasema, "Kunywa kahawa yako, shangazi. Umepewa."

"Amepewa nini?" Rihab akapaza sauti. "Hata hujamuuliza! Akitaka jiko langu je? Akitaka nyumba?"

"Kama ni nyumba, nimeshampa."

"Na sisi tulale wapi, Qasem? Nirudi kule chumba kimoja na mama yako, na huyu anakuja?" Akashika tumbo. Hakuwa akitania tena. Aliketi juu ya mfuko wa saruji, macho yamemjaa machozi.

Nayif, nilikuwa nimeshinda. Neno moja tu lilibaki, na ukuta ule usingejengwa, na ukumbi ungekungoja mtupu mpaka siku utakayoletwa. Qasem asingerudi nyuma, unaijua damu yake. Nikamtazama Rihab, nikayatazama yale matofali, nikaona nimekuja kumwombea maiti nafasi ya watoto walio hai. Na maiti mwenyewe hata hajafa! Yuko Bucharest anaoka mikate.

Ndiyo, mikate. Tunajua. Tumejua miaka na miaka. Siku unaondoka, ukumbi mzima ulikuita daktari. Baba alichinja, akashika mchi wa kinu kwa mkono wake mwenyewe, nami nikiwa nyuma ya mlango nilisikia wanaume wakikuagiza dawa za migongo yao kana kwamba umeshahitimu. Walikutwika mzigo ule ukiwa kijana, na masomo yalipokushinda ukaona haya kurudi mbele yao. Hukuja hata baba alipokufa. Wewe unadhani sababu hatuijui.

Mtu wa Irbid aliyepita huko alikuja ukumbini akawaambia wanaume amekula mkate wa Nayif, mtoto wa Abu Miflih, yaani baba yetu, katika duka lake, na kwamba ulikataa kumtoza. Baba alikuwa hai. Miflih alinisimulia kwamba wote walimgeukia mzee. Baba akasema, "Analisha watu. Mwambieni aje." Miflih alikupigia simu mara nyingi, ukawa huna nafasi. Baba aliendelea kuuliza kama gari linalosikika ni lako. Na alipokufa, wana wake waliposimama mlangoni kupokea mikono ya watu, Miflih aliacha pengo la mtu mmoja kando yake siku zote tatu. Watu walikuwa wakifika kwenye lile pengo wanasimama kidogo kabla ya kupita. Hakuna aliyecheka, Nayif. Hakuna hata mmoja.

Sasa unataka uingie ukumbini siku ambayo hakuna atakayeweza kukuuliza kitu. Naielewa haya yako, lakini waliokuita daktari wamekwisha karibu wote. Amebaki Haji Fandi, na yeye siku hizi mimi mwenyewe ananiita kwa jina la marehemu mama yetu. Unamwogopa huyo?

Basi nilimwambia Qasem, "Jenga ukuta wako. Haja yangu si kwako."

"Kwa nani, shangazi?"

"Kwa baba yako mdogo."

"Baba mdogo yuko Ulaya! Atakionaje kikombe?"

"Nitamwandikia."

Rihab akacheka huku analia, akanibusu kichwa. "Shangazi, umenitoa roho. Angekuja huyo baba mdogo, ningemlaza hapa hapa penye moto, mahali pazuri kuliko pote." Qasem akaapa kwamba shimo la moto halitafukiwa, watalizungushia magodoro, na lile dele la zamani atalirudisha mahali pake.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo. Kikombe nilikiacha sakafuni. Kila nikienda kwao Rihab, ambaye sasa ameshajifunza, ananimiminia, nami nakiweka chini, nakaa nikinusa iliki mpaka kichwa kinaniuma, kisha naaga. Unajua mimi bila kahawa nikoje. Watoto wa Qasem wameanza kunikimbia.

Haja yangu ni moja. Sikuombi maiti yako, hiyo italetwa na watu. Nakuomba wewe. Njoo kwa miguu yako, wakati bado unayo, uingie kwa mlango ule, uketi pale ulipokuwa ukikaa karibu na moto. Njoo na unga wako ukitaka. Tanuri la mama bado lipo.

Msalimie sana Doina, na binti yenu Ilinca mwambie shangazi yake anamwona kwenye picha, na pua ile ni ya kwetu. Qasem, Rihab na watoto wanakusalimu. Haji Fandi naye anakusalimu. Nilipomuuliza kama anamkumbuka Nayif, alifikiri kidogo akasema, "Yule kijana wa kahawa? Anamimina vizuri." Hilo tu ndilo lililobaki kichwani mwake.

Mungu autulize moyo wako na akupe nguvu za kupanda ngazi ya ndege.

Mimi dada yako, ninayekupenda na ambaye kahawa yake inapoa, njoo uniambie ninywe,

Wadha