Nyenje Walihama

Kalemie, Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mupenzi, Mama Émérence,

Nakusalimia kwanza wewe mwenyewe, kisha goti lako la kushoto ambalo hulalamika kila mvua ikikaribia, kisha Mujomba Adalbert na nyumba yake yote ya Zongwe, hata yule mbuzi wake anayekula vikwembe vya watu. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, unalala vizuri, na umeshamufundisha muke wa Mujomba kupika sombe, majani yale ya muhogo, bila kuyamwagia chumvi yote ya ziwa. Sisi huku tunapumua. Mimi ni muzima, nimekonda kidogo, lakini wasichana wa hapa wanasema kukonda kunanipendeza, na mimi si muntu wa kubishana na wasichana.

Barua anakuletea Mama Emilie muuza samaki. Usimukasirikie, yeye amebeba tu. Najua utauliza kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Mama, kwa simu nikitamka neno "Papa" unakata, ninabaki ninaongea na mbingu kama padri. Karatasi haina kile kidude cha kukatia. Makosa utasamehe, unajua shule iliniacha mwaka wa tatu wa sekondari, au mimi njo niliiacha, kila upande una maelezo yake. Lakini ukija kwa gitaa, hakuna professeur wa Kalemie anayeweza hata kunibebea kamba. Hilo wewe mwenyewe ulilisema, siku moja ulipokuwa umefurahi.

Sikuandikii kukubembeleza urudi. Bon, ni kukubembeleza. Lakini subiri usikie sababu.

Kwanza habari za orchestre. Ulipoondoka, albamu yetu ilikuwa ndiyo inatoka. Sasa inatembea yenyewe. Asubuhi naisikia kwenye simu za vijana wa pikipiki, muchana kwa kinyozi, jioni kwenye boti zinazopakia kwenda Moba. Wale watoto waliokuwa wanatucheka, wanaita Lukuga Bon Temps orchestre ya harusi za bibi zao, leo wananifuata barabarani wanataka niwaonyeshe vidole. Ninawaonyesha kimoja kimoja, ili warudi kesho. Mutangazaji wa redio alisema wazee wa Bon Temps wamezaliwa mara ya pili. Alisema zamani muziki wetu ulikuwa unakimbia, sasa umekaa ukingoni, umetia miguu ndani ya maji, unatazama ziwa bila haraka ya kwenda popote. Alisema maneno matamu hadi nikaenda kumuuliza kama ni sisi kweli anaotutaja. Akaniuliza ni nani aliyevumbua hii sauti mpya. Mimi nikapandisha muguu mumoja juu ya mwingine, nikamujibu kwamba ni mimi.

Maana sauti imebadilika kweli, Mama. Wewe uliyeimba na Papa kabla mimi sijafikiriwa, unaijua Bon Temps ya zamani. Papa anaimba nusu wimbo, halafu sebene inaanza, gitaa linapanda linakimbia huko juu, Éliézer anapiga zile sahani za shaba za ngoma kama anafukuza mwizi, na wewe juu ya vyote, sauti yako kama kikwembe kilichoanikwa kwenye upepo. Watu walikuwa wanavua viatu. Katika albamu mpya hakuna hata kimoja cha hivyo. Éliézer anapiga sanduku la mbao na bidon tupu kwa kiganja. Besi ya Papa Gérard, rafiki ya Papa, inatembea kama mwanamuke mwenye mimba anayepanda kwenda kanisani, pole pole, anajua atafika. Gitaa langu liko chini kabisa, linanong'ona kama linaongea na mutoto aliyeanza kusinzia. Muntu akisikiliza anaona kama nyumba imefunguliwa kamba kama boti, inaelea.

Na katikati ya wimbo wenyewe wa albamu, "Nyenje Walihama", wote tunanyamaza. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna neno. Kisha Papa anainua kidole, tunarudi. Watu wanasema pale njo pazuri kupita pote. Ndani ya salle, mule ukumbini, hata walevi wanashikilia pumzi. Mutangazaji akaniuliza na huo ukimya ni wa nani. Nikamwambia ni wangu pia. Kwa nini niache kitu.

Sasa Mama, kama umesimama, kaa.

Unakumbuka mambo yalivyoanza, ulikuwepo. Papa alimuambia Éliézer aondoe zile sahani, akasema hazina kazi, zinakaa tu pale kama wageni wasioongea. Éliézer alinuna lakini akaziondoa. Kisha ikawa mimi. Kila nikipanda, Papa ananiambia shuka. Nikishuka, ananiambia shuka tena, unacheza nini huko, mbona sikupati. Nilidhani ananionea wivu, na kusema kweli ana sababu. Kisha ikaja ile siku ya studio ya Bertin. Wewe uliimba kiitikio nyuma ya kioo, Papa alikuwa na vile vifuniko vya masikio, anakutazama. Ulipomaliza akamuambia Bertin tuendelee bila. Bertin alishangaa, mimi nilishangaa, lakini Papa ni Papa, nani amewahi kumuuliza muzee Télesphore kwa nini. Wewe ulidhani mutarudia siku nyingine. Hadi albamu ikatoka, ukaisikia dirishani kwa jirani mushonaji, ukasimama pale na ndoo ya maji kichwani, unangoja sauti yako ifike, na wimbo ukaisha.

Ukakunja vikwembe vyako, ukapanda boti ya Zongwe. Ulimuambia Mama Emilie kwamba muzee amepata sauti ya kisasa, na wewe umekuwa kelele. Sisi wote tuliamini hivyo. Mimi nilikasirika hadi nikawa ninamutilia chumvi ndani ya chai. Aliinywa yote hadi mwisho, na hilo pia lilinikasirisha.

Basi sikia. Juzi, saa kumi hivi, jua limeanza kulegea, tulikuwa nyuma ya nyumba mimi na Papa, tunafanya mazoezi ya concert. Yeye amekaa juu ya kesi ya bia, kiganja chake kimelala juu ya bafle. Unajua ana hiyo tabia sasa, sanduku la sauti haliachii, tulidhani ni pozi la staa. Nilitaka kufunga kamba nyembamba vizuri, lakini nyenje wa ule mupera wa jikoni walikuwa wanapiga kelele hadi majani yenyewe unaona kama yanatetemeka. Nikamuambia Papa tungoje kidogo, nyenje wachoke. Akanitazama kama muntu mwenye homa. Akauliza nyenje gani. Nikamuonyesha muti. Akaugeukia, akainamisha kichwa, akakaa hivyo kitambo, uso wake kama wa muntu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua na hakuna anayeitika. Kisha akacheka. Akasema uongo wangu umeanza kunidanganya mwenyewe, nyenje walihama tangu ziwa lilipopanda, na kama ningekuwa ninasikiliza maneno ya nyimbo badala ya kujitazama vidole, ningejua.

Mama, unakumbuka ulikuwa wakati gani aliposema hivyo mara ya kwanza? Maji yalikuwa yameingia hadi sebuleni, viti vinaelea, samaki wadogo wanapita chini ya meza. Papa alisimama mulangoni suruali imekunjwa, akasema hata nyenje wamehama. Wewe ulijibu eh, wamehama. Papa Gérard akajibu eh. Mimi pia. Nani atabishana kuhusu wadudu na muntu ambaye ziwa limeingia ndani ya nyumba yake? Maji yakashuka, tukakauka, na yeye akaandika wimbo. Watu wanaosikia wanafikiri ni mafumbo, wanafikiri anaimba juu ya vita na wakimbizi, wengine wanalia. Papa hakufumba kitu. Aliandika alichosikia.

Unajua mimi swali halikai mudomoni. Hilo nililitia ndani ya gitaa. Nikapiga ule wimbo juu kabisa, pale kamba zinapokaribia tundu. Papa alingoja kwa adabu, halafu akaniuliza kama nimemaliza kufunga kamba. Nikashuka kidogo. Akakuna shavu. Nikashuka tena. Akatazama kuku wa jirani. Nikashuka, nikashuka, hadi nilipofika mahali fulani, kiatu chake kikaanza kugonga udongo. Nikapanda noti moja, kiatu kikasimama. Nikashuka, kikagonga. Nilikuwa kama mutoto anayechezea taa, kuwasha na kuzima, nikataka kucheka, halafu nikaacha. Kwa sababu nilipitisha albamu nzima kichwani, wimbo kwa wimbo, na hakuna hata mumoja unaopanda kupita pale kiatu kinaposimama. Ile noti njo dari. Hiyo sauti mpya watu wanayoisifu, Mama, ni chumba ambamo Papa bado anaweza kukaa. Akiongea na wewe anakusikia, mimi ananisikia, lakini vitu vya juu vimemuaga kimoja kimoja bila kelele, na yeye anadhani ni dunia iliyonyamaza.

Nikamuuliza, bila kumutazama, kwa nini alimuondoa Mama. Alivuta kesi yake karibu na mimi. Akashusha sauti, eti majirani wasisikie. Akasema sauti ya mama yako imekwisha. Akasema alikuona nyuma ya kioo, mudomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, mukono umeuinua vile unavyouinua siku zote, mwanzo ukasikika kidogo, na ulipoanza kupanda hakikutoka kitu. Akasema Bertin alimutazama kwa huruma, naye akaelewa kwamba Bertin amesikia vile vile. Akasema mwimbaji haambiwi neno kama hilo. Ni afadhali uende kwa kaka yako ukisema umeolewa na muntu mubaya. Akaniapisha nisikuambie. Niliapa, na sasa unaona kiapo changu kina uzito gani.

Na ule ukimya si wangu. Siku tulipourekodi, Papa Gérard alitaka kuujaza kwa besi, Papa nusura amutoe nje kwa mateke. Akasema pale ni mahali pa Émérence, hapakaliwi. Sasa kila tukifika pale, ninamuangalia. Anafumba macho. Midomo yake inaenda. Mukono wake unapanda pale wako ulipokuwa unapanda. Anavuta pumzi pale unapovuta, na kidole chake kinatuita palepale kiitikio chako kinapoisha, si kabla, si baada. Anakusikia, Mama, mule ndani anakusikia mupaka mwisho. Watu wote wanapiga makofi kwa sababu hakuna kitu, na yeye peke yake anajua wimbo haujakatika.

Sijamuambia. Mimi niliyebishana na préfet, mukubwa wa shule, mbele ya darasa zima, nilikaa pale nikajifanya kamba imelegea. Kumuambia nyenje wapo ni kumunyang'anya masikio na wimbo siku ile ile, na ulimi wangu haukubali. Wewe unadhani moyo wake njo umekwisha, yeye anadhani ni sauti yako, na mimi nimekaa katikati na gitaa. Huyu muzee ana muntu mumoja tu wa kumuambia, na huyo yuko Zongwe anafukuza mbuzi.

Mama, panda boti na Mama Emilie atakaporudi. Jumamosi tunacheza kwenye salle ya parokia. Ukifika ule ukimya wetu, usiimbe kutoka mbali. Nenda pale alipo, chukua kile kiganja chake cha bafle, ukiweke mugongoni kwako, kama kwenye ile picha ya ukutani mulipokuwa vijana na yeye ana nywele. Anzia chini, pale kiatu kinapogonga. Halafu panda pole pole, yeye atafuata kwa mukono pale masikio yanapomuacha. Sisi hatutapiga kitu. Mimi nitajizuia, na wewe unajua kwangu hiyo ni sadaka kubwa. Baadaye, mukiwa wawili, mutaongea mambo ya nyenje.

Papa Gérard anakusalimia, anasema hajacheka vizuri tangu uende. Éliézer anakusalimia, amezificha zile sahani chini ya kitanda, hakuziuza. Kanga ile ya njano uliyoisahau imefuliwa, iko juu ya kiti chako. Papa hajui ninaandika kwa nani. Anadhani ni kwa musichana, amepita hapa akaniambia nifupishe, wasichana hawamalizi barua ndefu. Sasa ameketi nyuma ya nyumba, ziwa kule chini limekuwa jeupe kama maziwa, jua linampiga begani, na ule mupera unalia wote, shina hadi jani la mwisho. Yeye yuko katikati yake, ametulia, anapiga muguu kwa kitu fulani.

Umusalimie Mujomba. Mbuzi umuache huko.

Nyenje nao wanakusalimia. Wapo wote.

Mwana wako,
Ephraïm,
gitaa solo wa Lukuga Bon Temps, chini lakini bado wa kwanza