Mawe Nyuma ya Choo

Jumanne, Lodwar

Nyumba ya kwanza nimeikataa. Iko karibu na kazini, lakini iko ukingoni mwa laga. Mto ule ni mchanga mtupu mwaka mzima, ila mvua ikinyesha milimani, maji hayapigi hodi.

Kwa hiyo leo dalali akanipeleka kuona ya pili, upande wa juu. Vyumba viwili, mabati mapya, mti mmoja wa kivuli. Nilikuwa nimeshaipenda. Kisha nikaona rundo la mawe nyuma ya choo, yamepangwa vizuri kupita kiasi.

"Hiyo ni mawe ya kujenga tu," dalali akasema. "Utatumia kwa ukuta."

Wakati huohuo bibi mmoja jirani akapita. Hakutuangalia. Alisimama kando ya mawe, akafungua pindo la shuka, akadondosha tumbaku kidogo juu yake, akaenda zake. Dalali akaanza kunieleza habari za umeme.

Hasira zilinipanda. Mimi Mturkana, ananificha mimi kaburi? Nilifungua mdomo nimtukane, nikamkumbuka mama.

Mwaka jana tuliuza boma letu la Katilu. Mama amelala pale, chini ya mawe tuliyoyabeba wenyewe. Mnunuzi, mwalimu mgeni, aliuliza yale mawe ni ya nini. Kaka yangu akainama. Mimi ndiye niliyejibu.

"Ya kujenga," nilimwambia.

Sijui ukuta wake umefika wapi.