Mpaka Mavuno

Kijiji cha Gehandu,
S.L.P. Katesh,
Hanang.
3 Juni 1984

Mpendwa Kaka Hermani,

Shikamoo. Habari za Arusha, na baridi ya mwezi huu mnaionaje? Kile kikohozi cha vumbi la unga kimekuacha? Sisi huku ni wazima. Baba mguu wake umepona na anakula vizuri. Mama naye hajambo, ila analalamika kwamba wewe huandiki mpaka uandikiwe.

Barua yako tumeipata kwa mkono wa Felician, dereva wa lori la ngano. Umenieleza kama mwalimu kwa nini kinu chenu cha unga kilijengwa huko: umeme upo, maji yapo, barabara na reli vipo. Tena umesema shamba la ngano limeletwa huku kwa sababu ardhi ni tambarare, udongo ni mweusi na mvua ya Mlima Hanang haikosi. Ni kweli yote, Kaka. Ng'ombe wetu waliyajua hayo kabla ya wataalamu, ndiyo maana tulikuwa tunakaa hapa.

Sasa nikueleze tulivyobanwa. Ngano imetuzunguka pande tatu. Upande wa nne ni korongo, na kila masika linakula boma letu kwa sababu maji ya shambani yote yanashukia huku. Njia ya kupeleka ng'ombe kulamba chumvi imelimwa. Ng'ombe wakikanyaga ngano walinzi wanawakamata, kwa hiyo tunawapitisha ukingoni mwa korongo mmoja mmoja. Wiki iliyopita ndama wa yule mwekundu alianguka akafa. Nimechoka, Kaka. Nikiamka naona ngano, nikigeuka naona ngano, na kuipika sijui.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa pili alikuja bwana mmoja wa shamba na karatasi. Akamwambia Baba, "Mzee, mtakaa hapa mpaka mavuno." Unakijua Kiswahili cha Baba. Neno mpaka amelisikia kwa wapima ardhi tu. Akaelewa kwamba mpaka wetu umewekwa, ni pale mavuno yanapoanzia, na ndani yake tutakaa. Akacheka, akamshika yule bwana mkono, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Kisha akaniambia kwa lugha yetu kwamba wametuachia.

Mimi nilikuwepo na nilielewa. Nilinyamaza. Tangu njia ifungwe nilikuwa sijamwona Baba akicheka, na nikajidanganya kwamba mavuno bado ni mbali. Kimya kile kinaniuma sana. Sasa ngano imeanza kuwa ya njano, na Felician anasema mashine zitaingia upande wetu baada ya wiki tano. Maji yamezidi unga, na wewe mtu wa kinu sina haja ya kukueleza.

Baba hana habari. Anakata miti ya kukujengea nyumba, na ameshaonyesha mlango utakapoangalia. Nikisema mimi, ataona ni maneno ya mtoto wa kike wa darasa la saba. Wewe ni mtoto wake wa kwanza, utamwambia na atakusikiliza. Omba ruhusa kazini, uje kabla ya mashine, tuhame ng'ombe wakiwa hai. Shangazi Konsolata anasema kwao Dirma malisho bado yapo kidogo.

Mama anakusalimu, na mdogo wetu Hilaria pia. Tusalimie wifi Angela na watoto. Mungu awape afya na maziwa ya kutosha, hata kama huko mnayanunua dukani.

Baba amekaa hapa mlangoni ananisubiri. Amenituma nikuandikie uje uone mpaka wetu, na anadhani ndicho ninachoandika. Nikiweka kalamu chini atataka nimsomee barua yote, na mimi nitamsomea alichonituma.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Justina Gidahosh