Kloridi Niliyoitia Mwenyewe

Dada, nimeaibika! Nimeaibika mpaka nimejifungia stoo ya maabara.

Leo wanafunzi wangu walikuwa wanatafuta radikali ya asidi iliyomo kwenye chumvi, yaani ile sehemu inayotokana na asidi, kama kloridi. Yule binti mpole niliyekusimulia akaandika, "Hakuna kloridi."

Nikamwambia, "Hebu tazama." Nikayatia maji yenye chumvi yake asidi ya hidrokloriki, kisha nitrati ya fedha, dawa inayogeuka nyeupe ikikuta kloridi. Yakawa meupe kama maziwa. "Na hii ni nini, bibie? Futa, andika kloridi!" Darasa zima likamcheka.

Mzee anayetunza maabara akaninong'oneza, "Mwalimu, hiyo kloridi umeitia wewe, imo kwenye asidi yako. Hapo tunatia asidi ya nitriki."

Umeitia wewe! 

Na binti kumbe anafuta jibu lake, jibu sahihi! Akasema, "Samahani, mwalimu, nitasoma zaidi."

Nikamjibu, "Usijali." Usijali! Mimi ndiye wa kumwambia hivyo?

Kengele ikaniokoa. Sasa nawasikia nje wanamtania, "Bibi Hakuna Kloridi!"

Natoka, dada. Nataka wote waliocheka wanisikie nikimwomba radhi.