Mdomo Wangu na Ghorofa Nane

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanguka kipimo! Si ngazi — ngazi nimezipanda. Ghorofa nane, mtungi wa hewa mgongoni, mpira wa maji begani. Dakika nne na sekunde ishirini na saba, na mwisho ni nne na nusu. Nimefika juu nahema kama gari bovu, lakini nimefika.

Kilichoniangusha ni presha. Tunapumzika nusu saa, ndipo muuguzi wa kituo anapima. Kapima mara tatu. 158 kwa 98. Ikizidi 140 kwa 90 huvai mtungi, na asiyevaa mtungi haingii kwenye moto. Kanipa wiki sita, kaniandikia nimwone daktari. Nikishindwa tena — chumba cha simu.

Miaka kumi na moja nazima moto! Leo nikae nipokee simu za watu wanaoungua, niwatume wenzangu?

Kifaru, ambaye tunashika naye mpira mmoja tangu aajiriwe, kanipiga bega: eti kule simuni kuna kiti cha kuzunguka, dada. Nikacheka. Kisha nikajifungia bafuni nikalia.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari wa presha jana: nipunguze chumvi, nilale, nirudi baada ya wiki mbili, tukiona vipi nianze vidonge. Sawa.

Leo kwa daktari wa meno. Sikwenda kwa ajili ya presha hata kidogo! Nilikwenda kwa sababu sinki limekuwa jekundu kila asubuhi. Na ile harufu. Mtu hajui harufu ya mdomo wake mpaka avae barakoa ya hewa dakika ishirini. Unavuta pumzi yako mwenyewe. Ndiyo maana mwaka mzima nasukutua ile dawa ya kijani, kali, mpaka ulimi unawaka.

Daktari ni mama mfupi, anapanda kigoda cha mbao ili anifikie. Kagusa fizi kwa kijiti chembamba — damu. Hapa damu, pale damu. Kakwangua ukoga kidogo nyuma ya jino, kauweka kwenye darubini, kawasha skrini.

Mungu wangu! Wanaogelea! Wengine kama vijiti, wengine kama uzi uliojikunja, wanakimbizana kama watu kituo cha basi saa kumi na moja. Nimesahau hata kufunga mdomo.

Kauliza nasukutua mara ngapi. Mara nne kwa siku, nikasema, kwa majivuno. Nani kakuandikia? Hakuna. Kaweka vyombo chini.

Ndipo akanieleza. Si wote wabaya. Nyuma ya ulimi wapo bakteria wanaochukua kitu kilichomo kwenye mboga za majani na kukibadilisha. Ukimeza, mwili unakimalizia kutengeneza hewa fulani inayolegeza mishipa. Mishipa ikilegea, damu inapita vizuri, presha inasaidika, hata misuli inapata nguvu ya kupanda. Dawa kali haichagui. Inaua wote. Na fizi zangu zilizovimba nazo ni kidonda kilicho wazi mchana na usiku, mwili haupumziki.

Kumbe ulimini nina wafanyakazi, nami nawamwagia sumu kila asubuhi kabla hawajaanza zamu!

Nikaruka kwenye kiti: kwa hiyo presha itashuka? Kanikalisha. Siwezi kukuahidi, mama. Presha ina mambo mengi, na huyo daktari wako usimwache. Ila hiki tunaweza kukitengeneza, na hiyo dawa ya kijani uiache leo.

Jumamosi, 9 Machi

Kusafishwa, upande wa kulia. Saa nzima. Ukoga umetoka vipande vipande kama chokaa ya birika! Ulimi unapita nyuma ya meno na kukuta nafasi ambazo sikujua ninazo. Kumbe mimi nina meno mazuri.

Nimefundishwa kupiga mswaki upya, umri huu. Taratibu, mswaki ulale kwenye fizi, dakika mbili. Uzi katikati ya meno kila jioni. Binti yangu — Kasuku, tunavyomwita kwa kutofunga mdomo — kajipa kazi ya kushika saa. Mama, bado sekunde arobaini! Mama, umesahau nyuma!

Jumatano, 13 Machi

Siku mbaya. Mazoezi ya moshi, barakoa dakika ishirini na tano, na harufu ileile. Nikahisi kila mtu anaisikia. Nilipotoka nikapita dukani nikanunua kichupa kidogo cha kijani. Nikakificha kabatini kazini. Kama mlevi!

Nyumbani nikamwambia mume wangu aninuse. Kaja na uso wa mtu anayekagua samaki. Kanusa. Kanusa tena. Eti unanuka mswaki. Nikamwambia asinidanganye. Kasema kwa miaka kumi na mbili nimemnusa mimi akirudi na jasho la karakana, naye angekuwa na la kusema kuhusu mdomo wangu angelisema zamani.

Upande wa kushoto Jumamosi.

Alhamisi, 14 Machi

Kichupa nimekimwaga. Chote. Nimesimama pale kwenye sinki la kazini nikisikia harufu yake, nikatamani. Basi.

Ijumaa, 22 Machi

SINKI JEUPE! Nimetema, nikatazama, nikawasha taa, nikatazama tena. Jeupe pee. Nimeita nyumba nzima. Mume wangu kaja mbio akidhani nimeanguka. Tukasimama watatu tunaangalia mate yangu.

Daktari wa presha kapima: 149 kwa 94. Kasema vidonge tusubiri kidogo kwa kuwa inashuka.

Jumapili, 31 Machi

146 kwa 91. Mboga za majani kila siku, Kasuku kaanza kunung'unika kwamba sisi si mbuzi. Nimepanda ngazi za mazoezi: nne na kumi na mbili! Ghorofa ya sita, pale ambapo miguu hugeuka udongo — leo haikugeuka.

Sijui ni fizi, ni ulimi, ni chumvi, ni usingizi. Nilimuuliza daktari wa meno, naye kacheka: hata mimi sijui, mama, endelea na vyote.

Kaniambia jingine. Fizi mbovu na sukari ni maadui wanaosaidiana: sukari ikipanda inaharibu fizi, fizi zikiharibika sukari inakuwa ngumu kushika. Nikamfikiria Kifaru, maana muuguzi alimkuta na sukari mwaka jana. Anatafuna upande mmoja tu. Nilimgusia kazini. Kasema meno ni mambo ya kina mama, akaondoka.

Jumatano, 10 Aprili

Moto wa ghala jana, mimi nikiwa nje na pampu. Sikulala. Leo 151 kwa 93! Siandiki zaidi.

Jumamosi, 13 Aprili

138 kwa 88. Nimepima kwa mkono mwingine. 139 kwa 88. Nimekaa sakafuni nikicheka peke yangu. Kesho kutwa!

Jumatatu, 15 Aprili

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha muuguzi. Ngazi nimemaliza. DAKIKA TATU NA SEKUNDE HAMSINI NA SITA! Mkuu wa kituo kaitikisa saa yake kama imeharibika. Nimefika juu na pumzi ya kuongea! Sasa nusu saa ya kukaa kimya, na moyo hautaki kukaa.

Kifaru kaja. Kakaa pembeni yangu, benchi likalia. Nikadhani anakuja kunitania kuhusu kile kiti.

Dada, yule daktari wako. Anaumiza?

Nikamwangalia. Kachungulia huku na huku, kafungua mdomo. Kifaru! Fizi nyekundu kama nyama mbichi, zimeachia meno. Kasukuma jino la mbele kwa ulimi, nalo likaenda. Likarudi. Muuguzi anasema sukari yake haishuki hata na vidonge. Mwenyewe anasema amekuwa akimeza damu, ili mkewe asiione.

Nikampa namba. Akaniambia nipige mimi. Nikakataa, nikamshikisha simu yangu.

Sasa yuko hapa, kainama, sauti ndogo sijawahi kuisikia kwake. Ndiyo, daktari. Damu, ndiyo. Linacheza, ndiyo. Tangu lini? … Miaka miwili.

Muuguzi kafungua mlango, ameshika mkanda wa presha. Kaniita. Nimemwonyesha kiganja — ngoja. Kaniita tena. Mkono wa Kifaru umeshika ukosi wangu, na bado hajamaliza kusema.