Bamba Lisilo na Tundu

Zahanati, 3 Mei

Babu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na Bibi bado anakufokea, maana akinyamaza ndipo nitaingiwa na wasiwasi. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio unaokwenda mbio.

Dereva wetu ameacha kazi. Mganga mkuu amenikabidhi ufunguo: "Wewe ndiye mkunga, basi wewe ndiye utakayepanda mlimani kuwachukua wajawazito." Gari ni lile refu la njia mbaya, na njia ni ileile uliyopitisha lori miaka kumi na mmoja kabla ya vita kuwahamisha. Jana nilijaribu kilima cha kwanza tu. Jiwe likakwangua tumbo la gari, nikahisi limenikwangua mimi.

Fundi anasema jiwe likitoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili yote itamwagika na injini itakufa hapohapo, pengine nikiwa na mama mwenye uchungu kiti cha nyuma. Anataka kufunga bamba la chuma chini yake. Ananiuliza nalitaka vipi, nami sijui hata pa kuanzia. Simu huku haishiki, na wewe sikio lako halipatani na simu. Niandikie. Naogopa, Babu.

Mjukuu wako


14 Mei

Mchumba wangu (Bibi yako amesoma hapo akasonya),

Marahaba. Mgongo ni uleule, nimeshauzoea kama mpangaji mkorofi. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Kuogopa si aibu. Asiyeyaogopa mawe hufundishwa na mawe. Bamba liwe la unene wa milimita nne. Lifungwe kwenye chesisi, yaani fremu ya gari, si kwenye injini, kwa sababu injini hutikisika. Kati yake na sampu viingie vidole viwili, ili likibonyea lisiiguse. Vichwa vya bolti vizame ndani ya chuma. Kitakachochomoza kitakatwa na jiwe la kwanza. Lirefushwe hadi nyuma ya giaboksi, likunjwe pembeni, lisiachwe na tundu hata moja. Fundi atataka kuacha matundu. Mkatalie. Njia ile ni mawe matupu, na changarawe hurukia kila upenyo. Nikifumba macho naiona: jiwe jeusi, jiwe jekundu, hakuna hata unyasi wa kuchokolea meno.

Panda kwa gia ya chini, mguu mwepesi. Jiwe kubwa likanyage kwa gurudumu, usilipitishe katikati.

Babu yako


Zahanati, 30 Mei

Babu,

Shikamoo, na Bibi nampigia magoti. Sisi tuko salama.

Bamba limefungwa. Fundi alikuja juu: "Dada, bila matundu utaliosha vipi? Oili utaimwaga wapi? Unataka gari au sufuria?" Nikamwambia ziba, ninayepanda ni mimi, si wewe. Akaziba, mdomo umemvimba kama amepigwa na nyuki. Sikumtaja mtu. Nililala chini ya gari nikapima mwenyewe. Vidole viwili vinaingia.

Jumatatu napanda hadi juu mara ya kwanza, kisha kila wiki. Bado naogopa, ila sasa si mawe, ni kutoyaona. Tangu mlipohama na mifugo yenu hakuna aliyechunga huko. Majani yamefika kwenye taa za gari, nayo yameanza kukauka. Unapita kama unayeogelea.

Mjukuu wako


9 Juni

Mjukuu wangu,

Salamu zitafuata. Ukiipata hii, usiwashe gari.

Barua yako imefika leo. Jumatatu uliyoitaja imepita siku nane, na sijui ninamwandikia mtu aliye katika hali gani. Majani! Bamba nililokuagizia ni mtego wa majani. Yanaingia kwa mbele, hayana pa kutokea, yanashindiliwa juu ya chuma, na bomba la moshi linapita papo hapo, la moto kama jiko. Fundi wako alikuwa sahihi. Mfungulie mlango, mpe kiti, mwambie akate matundu leo. Kabla ya hapo toa bamba lote. Afadhali jiwe.

Nilikuelekeza njia ya miaka arobaini iliyopita. Tulipoondoka sikuwahi kufikiri kwamba majani yangeota nyuma yetu.

Jirani amepiga simu zahanati mara tisa. Haishiki.

Babu yako


17 Juni

Mjukuu wangu,

U mzima? Niandikie neno moja tu, hata tusi. Bibi yako hanifokei tena. Ananipikia chai, anaiweka mbele yangu, anaondoka.

Babu yako


Zahanati, 22 Juni

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima. Msomee Bibi mstari huo kwanza.

Barua yako ya tarehe tisa ilifika tarehe kumi na tisa. Moto ulikuwa tarehe kumi na sita. Nilikuwa nateremka na mama mwenye uchungu, pamoja na mkwewe. Nikanusa majani yanayoungua, nikadhani ni watu wanasafisha mashamba. Kisha sakafu ikanichoma unyayo. Mkwe akapiga kelele, "Mkunga, unatuoka!" Tukamshusha mgonjwa, tukamkokota hadi kwenye mawe. Nilipogeuka gari lilikuwa linawaka kuanzia chini, na upepo ulikuwa unatufuata sisi. Sijawahi kuogopa namna ile. Tulitembea saa mbili, yeye akisimama kila uchungu ukimbana, mimi nikiangalia nyuma. Mtoto amezaliwa hapa zahanati, wa kike, analia vizuri.

Gari jingine linakuja mwezi ujao, na bado ni mimi nitakayepanda.

Fundi alikwenda kulitazama lililoungua. Akarudi, akaniuliza mbele ya watu wote, "Nani alikwambia uzibe?" Nikamwambia ni akili zangu mwenyewe. Amenitukana kuanzia mlangoni hadi dirisha la dawa, nami nimeinamisha kichwa.

Tafadhali, Babu, usije ukamwandikia.

Mjukuu wako